Toka barza mpaka apeli: maneno ya tribinali mudomoni mwa watu wetu

Wenzetu waliotangulia katika kitabu hiki wameandika juu ya ndoa, mahari, matanga na majina ya watoto. Sisi tumechagua jambo ambalo pengine msomaji hataliona mara moja kuwa desturi: namna watu wetu wanavyosema wakiwa mbele ya zuzi. Lakini desturi ni nini, kama si mambo tuliyoachiwa na wazazi ambayo tunaendelea kuyachukua pasipo kuyafikiri? Mtu akiingia tribinali, anaingia na maneno aliyoyapata nyumbani. Na maneno hayo yanaweza kumponyesha ao kumpotezea shamba.

Tuanze na barza. Neno hili lilitoka pwani ya mashariki, kule baraza ni kibao cha kukalia mbele ya nyumba. Lilifika kwetu katika karne ya 19 pamoja na wachuuzi waliopita Kasongo na Nyangwe, na likatulia kabisa, hata leo Mkongomani anayesema Kifaransa anaita veranda ya nyumba yake « la barza ». Katika vijiji lilipata maana nyingine: pale chifu na wazee wanapokaa ili kukata maneno. « Kukata maneno » ni usemi wetu sisi wenyewe. Mtu wa kwetu hasemi « niko na kesi », anasema « niko na maneno ». Hukumu, shahidi, haki, sheria, deni: hayo yote yalikuja na njia ile ile ya wachuuzi, na mizizi yake ni ya Kiarabu. Tuliyapokea tukayavika mambo yetu.

Katika Bushi, tulivyosikia kwa wazee, maneno yalianza kwa mzee wa mlima. Bashamuka, ndiyo wazee wenye kusikilizwa, waliketi, kila upande ukasema mpaka ukachoka, na hakuna aliyeangalia saa. Asiyeridhika alipandisha maneno yake kwa mkubwa zaidi, na kutoka huyo mpaka kwa mwami. Walisema hivyo, kupandisha. Wanafunzi wetu wanashangaa tunapowaeleza kwamba rufaa, neno wanalolisikia katika redio za Tanzania, linatoka katika Kiarabu kwenye mzizi wenye maana ya kuinua juu. Mashamuka wa Bushi na kadhi wa pwani hawakuonana hata siku moja, lakini wote wawili waliona apeli kama mzigo unaopandishwa mlima.

Kuna jambo moja la barza ambalo tunaomba msomaji alishike vizuri, maana ndilo linalotufanya tuandike. Maneno yakiisha kukatwa, kasiksi ililetwa. Aliyeshindwa akinywa pamoja na mwenzake, amekubali. Akikataa kunywa, akainuka akaenda zake kimya, kila mtu alijua kwamba maneno hayajaisha. Yaani kunyamaza kulikuwa ni kukataa. Angeweza kurudi mwezi ujao, ao kisha mavuno, na hakuna aliyemwambia: umechelewa.

Kisha ikaja serikali ya Wazungu. Katika Dola Huru ya Kongo ya Leopold II tribinali ya apeli ilikuwa Boma, kule kwenye mdomo wa mto. Baadaye, chini ya ukoloni wa Ubelgiji, zilikuwa kuru za apeli mbili tu katika inchi yote: Léopoldville na Elisabethville. Mtu wa Uvira ao wa Kindu ahesabu mwenyewe safari. Lakini kwa kweli apeli zile hazikuwa zake. Mtu mweusi, kwa maneno ya ndoa, ya deni, ya mashamba, alisambishwa katika tribinali za wenyeji zilizopangwa na dekreti ya 15 Aprili 1926: ya sheferi, ya sekta, ya santri, na juu yao ya teritware. Chifu aliendelea kukaa kwenye barza yake, ila sasa kando yake kulikuwa kalaka na kitabu. Na hapo juu, administrateri Mzungu aliweza kupitia hukumu upya, na mutu wa parke aliweza kuivunja.

Tazama mabadiliko. Zamani maneno yalipandishwa na mwenye kuumia. Sasa mara nyingi yalishushwa kutoka juu: mkubwa alifungua kitabu, akaona kosa, akasahihisha. Wazee wakazoea kufikiri kwamba hukumu mbaya itaonwa na serikali yenyewe. Mazoea hayo hayajaisha mpaka leo, na sisi tunaona ni urizi mbaya kuliko kodi.

Njo wakati huo pia maneno ya Kifaransa yaliingia, na kinywa cha watu wetu kikayapiga nyundo mpaka yakakaa sawa: zuzi, avoka, parke, grefye anayetunza karatasi, wisie anayezileta nyumbani, lamanda ya kulipa, kaso ya polisi na buloko ya kufungwa. Kusamba na kusambisha yalikuwako tayari katika luga zetu, hayakuhitaji Mzungu. Tunapenda kuwaonyesha wanafunzi orodha hii, kwa sababu inasema ukweli juu ya historia yetu: kusema haki yako ni kwa neno la Kibantu, kushuhudia ni kwa neno la pwani, na kufungwa ni kwa neno la Ulaya.

Apeli nayo ikaingia, lakini haikukaa vizuri. Kwanza, kwa mtoto wa masomo apeli ni kuitwa majina asubui. Siku hizi ni kupiga simu. Tulipouliza darasa la tano « kufanya apeli » ni kufanya nini, mmoja akajibu: kutia inite. Tulicheka wote, sisi pia. Lakini kuna neno jingine ambalo halichekeshi, nalo ni opozisyo.

Jirani yetu mmoja, mtu wa shamba na heshima, alikuwa na maneno ya kiwanja. Siku ya kusambishwa hakuenda, mtoto alikuwa mgonjwa. Wakamkatia hukumu bila yeye kuwapo. Wisie akaleta karatasi, akamwelezea kwa haraka kwamba kama hakubali anaweza kufanya opozisyo. Jirani akaogopa. Kwake opozisyo ni chama cha siasa, ni watu wanaoandamana barabarani na kupigwa. Akasema: « Miye siko mutu wa opozisyo, niko raia wa muzuri. » Akaiweka karatasi katika sanduku pamoja na kadi za ubatizo. Hakukubali hukumu hata kidogo! Alinyamaza sawa vile babu yake angenyamaza mbele ya kasiksi, akangojea wakubwa waone kosa. Alipotuletea karatasi ile, ilikuwa imepita karibu miezi mine.

Sheria ilimpa nini? Dekreti ya 7 Machi 1960, ile ya mwenendo wa maneno ya kiraia, inasema kwamba aliyehukumiwa bila kuwapo ana siku 15, tangu kupewa karatasi, za kufanya opozisyo: maana yake tu kurudi mbele ya tribinali ile ile na kusema, nisikilizeni na mimi. Zikipita siku hizo, zinaanza siku 30 za apeli, ambayo inapanda kwa tribinali ya juu. Kwa hiyo alikuwa na milango miwili, mmoja nyuma ya mwingine, yote wazi. Hakuna aliyeifunga ila kalenda.

Katika maneno ya kosa, yaani ya penali, hesabu ni nyingine na ni kali zaidi. Dekreti ya 6 Agosti 1959 inatoa siku 10 kwa opozisyo na siku 10 kwa apeli. Na hapa watu wengi wanaanguka: kama ulikuwapo wakati wa kusambishwa, siku 10 za apeli zinahesabiwa tangu hukumu iliposomwa, si tangu ulipopata karatasi. Katika kiraia tunangojea karatasi. Katika penali mdomo wa zuzi unatosha. Mtu anayengojea karatasi ya penali anaweza kungoja mpaka haki yake imekufa mkononi. Wakati mapigo ya moyo yanamziba masikio, hukumu inasomwa kwa Kifaransa, inageuzwa kwa maneno machache ya Kiswahili, na siku zimeanza kukimbia. Basi ni vizuri kujua kwamba apeli ya penali haihitaji barua nzuri: kwenda kwa grefye na kutangaza kwa mdomo kwamba hukubali, na iandikwe, inatosha. Hapo mdomo wa mtu wa kijiji una nguvu sawa na kalamu ya avoka.

Na inapanda wapi? Ikikatwa na tribinali ya amani, inapanda kwenye tribinali kubwa, ile tunayoita TGI. Ikikatwa na TGI, inapanda kwenye kuru ya apeli. Bukavu tuko nayo yetu. Juu kabisa katika maneno ya kawaida ni Kuru ya Kasasyo, ambayo haisikilizi tena mashahidi wala kupima shamba. Inaangalia tu kama sheria ilifuatwa. Mpango huu umewekwa na sheria ya 11 Aprili 2013, iliyochukua nafasi ya ile ya 31 Machi 1982. Na barza ya chifu? Tangu sheria ya 10 Julai 1968 iliamuliwa kwamba tribinali za desturi zitaachia nafasi tribinali za amani. Lakini mahali ambapo hizi hazijafika, chifu angali anakata maneno. Na hata zuzi wa tribinali ya amani, akitaka kuhukumu kwa desturi, anaketi pamoja na wazee wawili wenye kuijua. Barza haikufa, ilihamia tu ndani ya nyumba ya matofali.

Wengine watasema, basi tutumie rufaa, neno safi la Kiswahili, tuache hizi apeli na opozisyo. Sisi hatulikatai, Radio Okapi na wengine wanalitumia na masikio yanazoea. Ila kule sokoni Kadutu ukisema « kata rufaa » wengi watadhani unakata kitu kweli. Kwa maoni yetu, kwa apeli tungesema kupandisha maneno, na kwa opozisyo, kurudisha maneno. Hayo mzee yeyote anayaelewa bila kwenda shule. Katiba ya 18 Februari 2006, kwa kipengele cha 18, inadai mtu aliyekamatwa aelezwe sababu katika luga anayoielewa, na kipengele cha 21 kinampa kila mtu haki ya kutokubali hukumu. Luga anayoielewa, si Kifaransa kilichopakwa Kiswahili juu.

Jirani yetu alipoteza kile kiwanja. Leo wisie akifika kwetu, hata kama ni kwa maneno ya mtu mwingine, ni yeye anayeitwa kwanza. Hajui kusoma sana, lakini anajua mahali tarehe inapoandikwa. Anaiweka kidole, anauliza: « Hii ni ya kiraia ao ya penali? » Kisha anaanza kuhesabu kwa vidole, kwa sauti, na sisi tunangoja amalize.