Vitabu vya Sarafu na Majembe ya Usiku

Hapa kwetu Boko najulikana kwa jambo ambalo wengi wanaliona la kipuuzi: nanunua vitabu vya zamani vinavyoeleza habari za sarafu. Sarafu zenyewe sinunui, mfuko hauruhusu. Vitabu navipata mjini kwa wauza vitabu chakavu, juu ya maturubai, nikibishana na vijana wanaopanga bei kwa unene wa kitabu. Vingi havichapishwi tena. Kile cha Freeman-Grenville juu ya historia ya kale ya pwani ya Tanganyika kilitoka mwaka 1962. Majuzuu mawili ya Neville Chittick kuhusu Kilwa yalitoka mwaka 1974, nami nimebahatika kupata moja tu, tena lililoguguniwa na mchwa.

Wiki iliyopita alinijia kijana wa jirani. Baada ya shikamoo na marahaba, alizunguka mbuyu kidogo, kisha akasema: "Mzee, nasikia una vitabu vinavyoonyesha Mjerumani alikoficha rupia. Tuazime kimoja. Tukipata, hatutakusahau." Kumbe yeye na wenzake wameshachanga fedha za mganga na za kukodi mashine ya kupimia madini. Yeye ameuza pikipiki yake.

Sikumcheka, kwa sababu rupia anazozitafuta zilikuwepo kweli. Mwaka 1916, katikati ya vita, Wajerumani walipokosa njia ya kuleta fedha kutoka kwao, walipiga sarafu Tabora katika karakana ya reli. Dhahabu ya Sekenke ilitumika kutengeneza sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, zaidi kidogo ya 16,000. Lakini hakuna hata kimoja kati ya vitabu vyangu chenye ramani ya shimo. Nilipomwambia hivyo alinitazama kama mtu anayefichwa ufunguo.

Ndipo nikamsimulia habari ya Mtambwe Mkuu, kisiwani Pemba. Mwaka 1984, katika uchimbaji wa mtaalamu Mark Horton, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari chache za dhahabu. Zile dinari zilitoka ng'ambo na ni za karne ya 11. Zile za fedha hazikuwa na tarehe, ila zilibeba majina ya watawala wa huku kwetu, mmojawapo Ali bin al-Hasan. Jina hilo lilikwisha kuonekana kwenye sarafu za shaba za Kilwa, na Chittick alikuwa amemweka mtawala huyo karibu na mwaka 1200. Kwa kuwa fedha na dhahabu zilikutwa pamoja, wataalamu wakamrudisha nyuma zaidi ya miaka 100.

Sasa tufikiri pamoja. Kama akiba ile ingekutwa na mwenye jembe usiku, dhahabu ingekwenda kwa sonara na vile vijisarafu vya fedha vingeyeyushwa. Mwenye jembe angekula miezi michache, na sisi tusingejua kwamba pwani yetu ilikuwa na watawala waliopiga fedha zao wenyewe mapema namna ile.

Chukua na sarafu ya shaba ya al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa akitawala Kilwa Ibn Battuta alipofika mwaka 1331. Moja iliokotwa Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari. Shaba yake haifiki popote kwa bei. Lakini kwa kuwa tunajua ilipookotwa, inatuonyesha biashara ya Kilwa ilifika wapi.

Nami nina deni katika jambo hili. Miaka kadhaa iliyopita nilisimulia redioni habari za gofu moja la pwani, nikataja mpaka njia ya kufika. Nilipopita tena baada ya muda, nilikuta kaburi la kale limechimbwa hadi kina cha kiuno, vigae vimetupwa kando. Sina ushahidi kwamba wachimbaji walinisikia mimi. Lakini tangu siku ile sitaji njia.

Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inataka kibali kabla ya kuchimba, na anayeokota kitu cha kale anatakiwa atoe taarifa. Nilimsomea kijana yule. Akauliza: "Sasa mzee, kutoa taarifa kunalipa?" Nikamjibu ukweli, kwamba hakuwezi kumrudishia pikipiki. Mganga naye hatairudisha.

Aliondoka na kitabu cha Chittick mkononi, kwa ahadi ya kukirudisha Jumapili. Nimemwazima makusudi. Akitazama zile picha huenda akaona kitu kingine zaidi ya dhahabu. Wenzake bado wanaingoja mashine.