Mji Mmoja, Bunduki Mbili: Mbona Nimerudi Kulenga Shabaha

Mnamkumbuka yule buda wa Uturuki? Julai 2024, Olimpiki ya Paris. Yusuf Dikeç, miaka 51, tishati ya kawaida, miwani ya kawaida, mkono mmoja mfukoni na mwingine umenyoosha bastola. Wengine wamevaa vioo vya kulengea kama roboti, yeye amesimama kama msee anangoja mathree. Pamoja na mwenzake Şevval İlayda Tarhan akaondoka na fedha, dhahabu ikaenda Serbia, na intaneti nzima ikaamua huyu ni muuaji wa kukodiwa aliyestaafu. Hakuna grupu ya WhatsApp niliyokuwemo ambayo haikupost meme yake.

Nilicheka pia. Lakini kuna kitu kilinikwama kooni. Mwezi mmoja tu kabla ya hapo, tarehe 25 Juni, kwa simu hizo hizo, tulikuwa tunaangalia video za aina nyingine. Vijana wa rika letu, bendera mabegani, wamelala barabarani karibu na Bunge na hawaamki. Sasa ghafla mtu na bunduki ni kichekesho? Sikujua niiweke wapi hiyo hisia.

Wacha niseme ukweli wangu. Mimi nilikuwa napiga shabaha. Anko wangu alinianzisha nikiwa form two, kwa kilabu chenye kibali, bunduki ya upepo na karatasi ya duara ukutani. Nilipenda sana. Baada ya Juni 2024 nikaacha kabisa, sikuweza kushika kitu chenye mtutu. Mwaka huu nimerudi, na kuna rafiki yangu aliniuliza swali moja: "Kwani wewe hukuona?"

Niliona. Ndio maana kabla ya kurudi niliketi chini nikasoma hii kitu ilitoka wapi. Nilichopata ndicho nawaletea leo, na si hadithi tamu mwanzo hadi mwisho.

Upepo ulianza vitani

Usidanganyike ati bunduki ya upepo ilianza kama mchezo wa watoto. Stockholm kuna jumba la makumbusho, Livrustkammaren, lenye bunduki ya upepo ya mnamo 1580. Ina miaka zaidi ya 400.

Halafu mnamo 1779 fundi mmoja wa Tyrol, Bartholomäus Girardoni, akatengeneza moja ambayo jeshi la Austria liliichukua. Kitako chake kilikuwa tangi la hewa. Ulijaza kwa pampu ya mkono, na kujaza tangi moja kulihitaji kupampu kama mara 1,500. Hapo mikono imekufa. Lakini ukishajaza, ulikuwa na risasi 20 hivi tayari, unafyatua moja baada ya nyingine, bila moshi, wakati askari wengine bado wanamimina baruti na kusokomeza risasi moja moja kwa mtutu. Zilivunjika ovyo na zilihitaji askari aliyefunzwa vizuri, kwa hivyo jeshi likaziacha baadaye.

Lewis na Clark, wale Wamarekani waliovuka bara lao kati ya 1804 na 1806, walibeba bunduki ya upepo. Mara nyingi walipokutana na jamii za Wenyeji wa Marekani, walikuwa wanaifyatua mbele yao kama maonyesho. Jifanye uko pale. Mgeni amekuja kwa ardhi yenu, anawaambia ni rafiki, halafu anawaonyesha bunduki isiyotoa moshi. Hakumpiga mtu, lakini ujumbe umefika. Sisi wenye babu zetu walikutana na wageni wa aina hiyo hatuhitaji kufafanuliwa.

Kwa hivyo yule anayesema "hii ni ya upepo tu, haina noma" hajui historia. Bunduki ni bunduki. Swali ni watu waliamua kuifanyia nini.

Oberndorf, mji uliotengana njia

Sasa twende Ujerumani, kwa sababu mchezo tunaoucheza leo ulizaliwa upya huko.

Wajerumani walikuwa na vilabu vya shabaha tangu zamani za kale. Chama chao cha kitaifa, Deutscher Schützenbund, kilianzishwa 1861. Ilikuwa sherehe ya kijiji: gwaride, bendi, bia, na bingwa wa shabaha anavishwa kama mfalme. Kisha zikaja vita, na mnajua vile vita hivyo viliisha 1945. Washindi wakawanyang'anya bunduki zote, na vilabu vikafungwa. Kusema kweli ilikuwa haki. Nchi iliyokuwa imefanya yale, nani angeiachia hata manati?

Kule kusini magharibi kuna mji mdogo unaitwa Oberndorf. Humo ndimo kulikuwa na kiwanda cha Mauser, bunduki zilizopigana karibu kila kona ya dunia. Wafaransa waliuteka mji, mashine zikahamishwa, kiwanda kikabomolewa. Sasa una mji mzima wa mafundi hodari, vidole vyao vinajua chuma kuliko kitu kingine chochote, na hakuna kazi.

Katika miaka hiyo, mainjinia wa zamani wa Mauser wakaanzisha kampuni mbili hapo hapo mjini. Zote zilianza na kazi ndogo ndogo za chuma. Ya kwanza ilitengeneza vipuri vya cherehani. Jina lake Heckler & Koch. Jeshi la Ujerumani Magharibi liliporudishwa, kampuni hii ikaingia kazi ya silaha tena, na 1959 jeshi hilo likaichukua bunduki yao rasmi. Bunduki yenyewe ni G3. Ndiyo, G3. Ile unayoiona begani mwa polisi wetu kila siku, ambayo hata mtoto wa nursery Nairobi anaitambua.

Kampuni ya pili iliitwa Feinwerkbau, ya Karl Westinger na Ernst Altenburger. Hawa walienda njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Wajerumani walikuwa wameruhusiwa bunduki za upepo, na chama chao cha shabaha kikafufuliwa 1951. Bunduki za baruti zilikuwa bado ni shida, lakini upepo ulikubalika. Vilabu vikarudi kwa kasi, vingine vikilenga kwa ukumbi wa nyuma wa hoteli ya kijiji. Mita 10 zinatosha. Huhitaji shamba, huhitaji kelele, unahitaji ukuta na karatasi.

Tatizo likawa springi. Bunduki ya upepo ya wakati huo ilikuwa na springi nzito na pistoni ndani. Ukifyatua, pistoni inaruka mbele, bunduki yote inatetemeka, na pelete bado haijatoka mtutuni. Hata ulenge vipi, inakuharibia. Feinwerkbau wakaja na jibu mapema miaka ya 1960: mtutu na mitambo yake vikae juu ya reli, na ukifyatua viteleze nyuma kidogo peke yao. Bega lako halisikii kitu. Bunduki ikatulia.

Hebu fikiria hiyo kwa dakika moja. Mji mmoja, mafundi wa shule moja, njaa moja. Kundi moja likarudi kutengeneza kitu cha kuangusha watu. Lingine likatumia akili hiyo hiyo kutengeneza bunduki ambayo kazi yake pekee ni kutoboa karatasi, na kuitoboa vizuri. Siwezi kusema hawa ni malaika na wale ni mashetani, biashara ni biashara. Ninachosema ni kwamba ujuzi haukuwalazimisha. Walichagua.

Nusu milimita

Mwaka 1966 mashindano ya dunia yakaingiza bunduki ya upepo ya mita 10. Olimpiki ikafuata 1984 kule Los Angeles, na dhahabu ya kwanza ya wanawake ikachukuliwa na Pat Spurgin wa Marekani, msichana wa miaka 18. Bastola ya upepo ikaingia Seoul 1988.

Kwa bunduki ndefu, ile pointi ya 10 katikati ya karatasi ni kidoti cha nusu milimita. Pelete yenyewe ni milimita 4.5. Yaani unalenga kitu kidogo kuliko kile unachorusha, ukiwa umesimama mita 10, mara 60, ndani ya saa moja na robo. Nguvu za mwili hazikusaidii. Hasira ndiyo mbaya zaidi. Moyo ukidunda, mtutu unadunda nao.

Na kuna kitu kingine nilipenda. Bunduki za leo za mashindano zimeacha springi. Zina tangi la hewa lililojazwa kabla, sawa na wazo la Girardoni la mwaka 1779. Wazo la vitani limerudi baada ya miaka 200 likiwa limefugwa.

Waliorudi

India walisubiri hadi 2008, Beijing, ndipo wakapata dhahabu yao ya kwanza ya mtu mmoja mmoja katika Olimpiki. Aliyeileta ni Abhinav Bindra, kwa bunduki ya upepo. Miaka minne kabla, Athens, alikuwa ameingia fainali akatoka wa 7.

Lakini anayenigusa zaidi ni Manu Bhaker, kwa sababu ni wa rika letu. Tokyo, akiwa na miaka 19, bastola yake iliharibika katikati ya mchujo. Dakika zikaenda anatengenezewa, akakosa fainali, akatoka analia dunia nzima ikiona. Watu wa mtandao mnajua vile huwa. Paris 2024 akarudi na kuchukua shaba mbili, mwanamke wa kwanza wa India kupata medali ya Olimpiki katika shabaha. Wakati sisi tunashare meme za Dikeç, yeye alikuwa kwa mashindano hayo hayo, anajirudishia kitu chake.

Sasa, jibu langu

Kwa rafiki yangu aliyeuliza kama sikuona: niliona, na kurudi kwangu si kusahau. Kwa muda mrefu niliacha wale waliofyatua siku ile waniamulie maana ya kila kitu chenye mtutu. Wakachukua vijana wetu, halafu nikawaachia pia kale kapahali kadogo ambapo nilijifunza kutulia. Hapana. Hicho sikuwapa, walijichukulia, na nimekidai.

Pia simlaumu anayesikia mlio akaruka. Kuna watu hawatawahi kurudi karibu na bunduki ya aina yoyote, na wako sawa kabisa. Usimburute mtu kwa range ati ni fun. Na tafadhali, sheria zetu za silaha ni kali: usiagize kitu mtandaoni ukadhani ni toi, na usitembee nayo mtaani hata kwa begi. Nenda kwa kilabu chenye kibali, uliza kwanza, piga shabaha huko, iache huko.

Siku niliyorudi, mikono ilitetemeka. Pelete ya kwanza haikugusa hata duara. Anko hakusema kitu, akanisogezea kiti nikae kidogo, akaniambia, "Pumua, hakuna mtu mbele yako. Ni karatasi tu."

Niliangalia vizuri. Kweli, ilikuwa karatasi tu. Ya pili ikapata 7.