Mwenye Mashine na Mwenye Kaseti

Watu wa bloku yetu wanakumbuka kibanda cha gemu kilichokuwa karibu na bomba la maji. Tulikuwa wawili. Mashine, televisheni na sola vilikuwa vya kaka mmoja jirani yetu. CD zilikuwa zangu, nilizinunua moja moja kwa pesa ya kufyatua matofali. Hatukuandika kitu. Tulikubaliana kwa mdomo tu: katika kila shilingi kumi, yeye saba, mimi tatu. Watoto walipoanza kuja makundi kwa makundi wakiulizia gemu fulani ya mpira niliyoileta mimi, akanishusha hadi mbili. Nikamwambia, "Kaka, mashine bila CD ni meza tu." Akanijibu, "Na CD zako bila mashine ni vioo vya kunyolea ndevu." Nikabeba CD zangu nikaondoka. Mwezi haukuisha, kibanda kikafungwa.

Nilimkasirikia miaka miwili. Halafu nikaanza kusoma historia ya gemu kwenye kompyuta za kituo cha vijana, nikakuta ugomvi wetu ulishapiganwa zamani huko Marekani na Japani, tena na watu wenye mamilioni. Ndiyo maana naandika haya.

Tuanze na Atari. Mwaka 1977 kampuni hii ya California ilitoa mashine ya kuunganisha na televisheni: unachomeka kaseti, unacheza. Mwanzoni mashine ni ya Atari na kaseti zote ni za Atari. Waliotunga gemu walikuwa waajiriwa wa mshahara, na majina yao hayakuandikwa popote. Mmoja wao, Warren Robinett, alificha jina lake katika chumba cha siri ndani ya gemu iitwayo Adventure. Mchezaji akibahatika kukifikia, analisoma.

Mwaka 1979 watungaji wanne, David Crane, Alan Miller, Bob Whitehead na Larry Kaplan, waligundua kwamba gemu zao zinaiingizia kampuni mamilioni ya dola huku wao wakibaki na mshahara uleule. Wakaenda kwa mkuu wa kampuni, Ray Kassar, kuomba watambuliwe na walipwe zaidi. Crane amesimulia jibu walilopewa: eti wao si muhimu kuliko mtu anayeunganisha kaseti kiwandani. Basi wakatoka. Mwaka huohuo, pamoja na Jim Levy, wakaanzisha Activision, wakawa wa kwanza kujitegemea kwa kutengeneza gemu za mashine ya mtu mwingine.

Atari ilikwenda mahakamani. Mambo yakaisha mwaka 1982 kwa makubaliano: Activision iendelee, lakini ilipe mrabaha. Mwaka huo ilitoa Pitfall!, iliyouza kaseti zaidi ya milioni 4. Wengine walipoona mlango uko wazi wakaingia wote, hata wasiojua gemu ni nini. Maduka yakajaa kaseti mbovu, na mwaka 1983 soko la Marekani likaanguka. Atari ikapeleka malori ya mizigo isiyouzika kuzikwa jalalani Alamogordo, New Mexico. Mwaka 2014 watu walichimba wakazikuta kaseti. Na tuseme haki: zilizozikwa zilikuwa za Atari wenyewe, si za wageni.

Nintendo ya Japani ilijifunza hapo. Mashine yake ilipoingia Marekani mwaka 1985 ilikuwa na kufuli: chipu ndani ya mashine inasalimiana na chipu ndani ya kaseti. Bila salamu, gemu haichezi. Aliyetaka kuingia alisaini masharti. Gemu zisizidi tano kwa mwaka. Gemu isipelekwe kwenye mashine nyingine kwa miaka miwili. Kaseti zitengenezwe na Nintendo yenyewe, na mwenye gemu alipe mapema, kabla hajauza hata moja. Zisipouzika, shauri yake. Mwaka 1988 chipu ziliadimika, na Nintendo ndiyo ikawa inaamua nani apate kaseti ngapi. Sisi wa kambini hatuhitaji kuelezwa maana ya kusubiri mgao uliopangwa na mwingine.

Watu wakatafuta njia. Konami ilianzisha kampuni ya pili, Ultra Games, ili ipate nafasi nyingine tano. Wafanyakazi wa mashirika mnaosoma hapa mtatabasamu: ni ujanja wa kaya moja kushika kadi mbili. Namco ilikuwa miongoni mwa wageni wa kwanza kabisa kule Japani, nayo ilipewa masharti mepesi. Mkataba ulipofika mwisho mwaka 1989, wepesi ule ukaondolewa, na mkuu wake, Masaya Nakamura, akalalamika hadharani kwamba Nintendo inahodhi soko.

Tengen, kampuni ya Atari Games, ilitaka kuvunja kufuli lenyewe. Mafundi wake wakashindwa. Ndipo mawakili wakaenda ofisi ya hakimiliki ya Marekani, wakasema uongo kwamba wanahitaji maandishi ya programu ya ile chipu kwa ajili ya kesi, wakapewa nakala. Desemba 1988 Tengen ikaishtaki Nintendo kwa kuhodhi soko, na ikatangaza kaseti zake zisizo na leseni. Lakini mwaka 1992 mahakama ya rufaa iliposhughulikia suala la ile chipu, ule uongo ukawageukia. Pengine malalamiko yao yalikuwa na haki ndani yake, lakini njia waliyopita iliyameza.

Niliposoma hapo niliacha kusoma siku hiyo. Katika CD nilizobeba kibandani, moja haikuwa yangu. Kaka yule aliinunua mwenyewe, nami niliichukua kwa hasira nikijiambia ni fidia ya ile shilingi yangu. Miaka miwili nimekuwa nikiwasimulia watu nilivyodhulumiwa, na hiyo CD sikuitaja hata siku moja.

Kuna waliopita njia nyingine. Mafundi wa Electronic Arts waliichunguza mashine ya Sega wenyewe mpaka wakaielewa, bila kuiba karatasi ya mtu. Mwaka 1990 mkuu wao, Trip Hawkins, akawaendea Sega: tupeni masharti mazuri, la sivyo tutauza bila leseni. Sega ikapima, ikakubali. Gemu zao za michezo zikasaidia kuuza mashine za Sega Marekani. Hapo ndipo methali ya mgeni njoo mwenyeji apone ilipotimia, ingawa mgeni huyu alibisha hodi kwa nguvu kidogo.

Na mgeni akichoka huhama. Mwaka 1991 Sony ilitangaza mashine iliyokubaliana na Nintendo kuitengeneza. Siku iliyofuata Nintendo ikatangaza kwamba inashirikiana na Philips. Sony ikaenda kutengeneza PlayStation yake. Nintendo ikabaki na kaseti, ghali na zenye nafasi ndogo. Sony ikatumia CD. Square, iliyokuwa ikitoa Final Fantasy kwenye mashine za Nintendo tangu 1987, ikafunga virago. Januari 1997 Final Fantasy VII ikatoka Japani kwenye PlayStation, ikiwa imejaza CD tatu. Ilipita miaka kadhaa kabla Square na Nintendo hawajafanya kazi pamoja tena.

Nikiyaweka yote haya pamoja, sioni upande uliokuwa na haki siku zote. Atari iliwadharau watu wake, ikawapoteza. Mlango ulipobaki wazi bila utaratibu, soko zima likaumia. Nintendo ilileta utaratibu, halafu ikaukaza mpaka wageni wakawa wanasubiri tu nyumba nyingine ijengwe. Mwenye mashine hubeba gharama ambayo mwenye gemu haioni. Mimi, kwa mfano, sikuwahi kumuuliza kaka yule betri ya sola ilimgharimu kiasi gani. Naye hakuwahi kuniuliza nilifyatua matofali mangapi kwa CD moja.

Wiki iliyopita nilimpelekea CD yake. Aliigeuza kwenye mwanga, akasema, "Imekwaruzika." Nikasema ndiyo, kaka, ni mimi. Alikaa kimya, kisha akamwita mtoto alete kiti. Tulizungumza mpaka giza likaingia. Yeye anataka sita kwa nne, gharama za betri zitolewe kwanza. Mimi nataka tano kwa tano. Hatujaafikiana. Ila safari hii kuna daftari, na kila mmoja ameandika upande wake kwa mkono wake.