Sanduku Kichwani kwa Baba

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakusema mzigo wa mgeni huyo utabebwa na nani. Jambo hili nimelifikiria kwa miaka mingi, tangu siku ile ya mwaka 1986 nilipotua Dar es Salaam nikitoka masomoni Ulaya. Nilikuwa na masanduku mawili makubwa, na baba yangu alikuwa amesafiri kutoka Dumila kuja kunipokea.

Vijana wa leo hawana budi kuelezwa masanduku yale yalikuwa na nini. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza inajikongoja kutoka katika ukata. Tangu Vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 bidhaa zilikuwa adimu. Sabuni ilipangiwa foleni, na kitambaa cha shati kilikuwa habari ya mtaa mzima. Kwa hiyo kila aliyerudi kutoka ng'ambo alirudi kama duka. Mimi nilikuwa na miche ya sabuni, viatu vya jozi sita, dawa ya meno, mablanketi mawili, na vitabu ambavyo hakuna mtu nyumbani aliyeviomba. Masanduku yenyewe hayakuwa na magurudumu. Sanduku la magurudumu lilikuwa limekwisha kupata hataza huko Marekani mwaka 1972, kwa jina la Bernard Sadow, miaka mitatu baada ya mwanadamu kutembea mwezini. Lile la kusimama wima na kukokotwa kwa mkono mrefu lilibuniwa na rubani Robert Plath mwaka 1987. Mimi nilikuwa nimewahi mwaka mmoja.

Jengo la abiria tulilotokea lilikuwa jipya. Lilifunguliwa mwaka 1984, na aliyelichora ni Mfaransa Paul Andreu. Nje yake madereva wa teksi walitutajia bei ambayo Baba aliisikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Ahsanteni wanangu, miguu ipo." Kutoka uwanjani hadi katikati ya jiji ni kama kilomita 12. Hakuwa na nia ya kuzitembea zote. Alikusudia tufike barabara ya Pugu, ambayo sasa ni barabara ya Nyerere, tukapande gari la abiria. Akavua koti lake, akalikunja likawa kata, akaiweka kichwani. Kisha akainama kidogo na kusema, "Nitwishe."

Nikamtwisha lile sanduku kubwa. Hapa ndipo ninapotaka kukiri kosa langu. Mwenzangu mmoja tuliyesoma naye alikuwa anapokewa na gari lenye dereva. Akanipungia mkono. Nami nikaongeza mwendo, nikamwacha Baba nyuma hatua kama kumi, nikatembea kama mtu aliye peke yake.

Barabarani gari la kwanza lilitukataa kwa sababu ya mizigo. La pili vilevile. Siku zile daladala zilikuwa bado changa. Serikali iliziruhusu mwaka 1983, na jina lake lilitokana na dala, yaani shilingi tano. La tatu lilikuwa pikapu yenye mabenchi, zile tulizoziita chai maharage. Konda alilitazama sanduku, akamtazama mzee aliyekuwa chini yake, akaniuliza: "Bosi, huyu mpagazi wako naye anapanda?" Nilijibu, "Anapanda." Sikusema zaidi. Baba alipanda, akalipakata lile sanduku kama mtoto, na mpaka tunafika Kariakoo hakusema neno.

Tulichukua chumba katika gesti moja ya uani, chenye vitanda viwili na chandarua kimoja. Usiku ule, taa ikiwa imezimwa, Baba aliniuliza: "Unajua mtaa huu kwa nini unaitwa Kariakoo?" Nilikuwa na shahada, lakini sikujua.

Kariakoo ni matamshi yetu ya maneno ya Kiingereza Carrier Corps, yaani kikosi cha wapagazi. Waingereza walipouteka mji wa Dar es Salaam mwezi Septemba 1916, mahali hapo ndipo walipokiweka kikosi hicho. Nairobi nako kuna mtaa wa Kariokor, kwa sababu ileile. Babu yangu alikuwa mmoja wao. Morogoro ilipoangukia mikononi mwa Waingereza tarehe 26 Agosti 1916, Wajerumani walirudi nyuma kuelekea kusini, na vita vikawafuata. Pande zote mbili zilihitaji vichwa vya kubebea risasi, unga na wagonjwa, na pande zote mbili ziliwakamata watu mashambani. Babu alichukuliwa akiwa anapalilia mahindi. Akavushwa milima ya Uluguru hadi upande wa Kisaki na Rufiji, ambako mapema mwaka 1917 mvua zilikuwa kubwa kupita kiasi. Wapagazi waliokufa katika vita vile, kwa njaa, kuhara na homa kuliko kwa risasi, wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Wengi hata majina yao hayakuandikwa. Babu alirudi. Baba alisema alirudi na upara katikati ya utosi, mahali pa kata, na nywele hazikuota hapo mpaka alipokufa.

Kisha akasema maneno ambayo sijayasahau: "Baba yangu alibeba vitu vya watu asiowajua, na hakuna aliyemuuliza kama anataka. Mimi leo nimebeba cha mwanangu, na nimetaka mwenyewe. Yule kijana wa kwenye gari hakukosea jina. Wewe ndiye uliyeliogopa."

Nilijifanya nimelala.

Baadaye, kwa haya ile, nilianza kusoma habari za upagazi, na nikaona kwamba kwetu Morogoro ni kama tuliishi juu ya njia. Tangu katikati ya karne ya 19 misafara ilitoka Bagamoyo, ikapita chini ya Uluguru, ikakata mbuga ya Mkata, ikapanda kuelekea Mpwapwa, Tabora na Ujiji. Mpagazi alibeba kiasi cha frasila mbili, yaani kama kilo 32, na juu yake mkeka wake, chungu chake na chakula chake. Wengine walikuwa watumwa waliobebeshwa pembe. Lakini wengi, hasa Wanyamwezi, walikuwa watu huru waliopatana ujira wao kwa vitambaa, waliogoma walipopunjwa, na waliojivuna kwa kazi yao. Kwa kijana wa Unyamwezi, kufika pwani na kurudi na mzigo ilikuwa ndiyo njia ya kuhesabiwa mtu mzima.

Huenda msomaji akauliza kwa nini wasitumie punda au mikokoteni. Walijaribu. Mwaka 1876 mmisionari Roger Price wa Shirika la Misheni la London alipima njia ya Saadani hadi Mpwapwa, akaona magari ya ng'ombe yangefaa; mwaka uliofuata ng'ombe wakafa kwa sababu ya mbung'o. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliwaleta ndovu wanne kutoka Bara Hindi, wakateremshwa Msasani na kupelekwa bara. Hatimaye wote wakafa. Gurudumu lilishindwa, mnyama akashindwa, akabaki mwanadamu na kata yake. Henry Morton Stanley alipomtafuta Livingstone mwaka 1871, aliuona mji wenye ngome wa Simbamwene, binti Kisabengo, hapo Morogoro, akausifu. Kisha masika yakamkuta katika mbuga ya Mkata, na msafara wake ukakwama katika matope na maji. Vitabu vinasema Stanley alivuka Mkata. Aliyekuwa na bunda la kitambaa kichwani naye alivuka, tena ndiye aliyekuwa na kazi ya kuliweka lisilowe.

Reli ya Wajerumani ilipofika Morogoro mwaka 1907, na baadaye Kigoma mwaka 1914, misafara ya njia ile ilikufa. Lakini maneno yake hayakufa. Hongo ilikuwa ushuru aliotozwa msafiri na mtawala wa nchi anayopita; leo ni rushwa. Posho ilikuwa chakula cha mpagazi cha siku. Leo ndiyo inayogombewa kwenye semina. Mnyapara aliyesimamia wapagazi leo yuko magerezani na katika vibarua. Hata safari yenyewe ni neno la njia ile, na dunia nzima imelichukua.

Baba alifariki mwaka 1998. Sikumwomba radhi kwa maneno. Nilimjengea nyumba ya bati, nikampeleka hospitali, nikamnunulia koti jipya. Lakini neno lenyewe sikulitamka, nikidhani zawadi zinatosha kulisema kwa niaba yangu.

Tarehe 22 Januari 2014 mto Mkundi ulifurika hapa kwetu Dumila, maji yakavunja barabara penye daraja, na njia kuu ya Morogoro na Dodoma ikakatika. Nyumba za watu zilizama, Dumila na Magole. Mabasi yalipanga foleni huku na huku, na abiria wakashuka na mizigo yao. Nilikuwa mmoja wao, nikitoka Dodoma na begi langu la magurudumu. Siku ile nilijifunza kwamba gurudumu halina kazi penye tope. Kijana mmoja wa pale alinijia akasema, "Shikamoo mzee. Nikubebee?" Nikamwitikia, tukapatana bei. Akavua shati, akalikunja likawa kata. Nilipoona vile sikuweza kumwacha atangulie, wala mimi kutangulia. Nilitembea ubavuni kwake, nikamuuliza jina lake na la baba yake. Alidhani naogopa ataniibia.

Nasimulia haya kwa sababu siku hizi kufika kumekuwa rahisi sana. Uwanja wa Dar es Salaam umepata jengo jingine kubwa mwaka 2019, na kituo cha mabasi ya mikoani kimehamia Mbezi Luis mwaka 2021. Tangu mwaka 2024 treni ya umeme inamtoa mtu Dar es Salaam na kumfikisha Morogoro kwa chini ya saa mbili, kisha inaendelea Mkata, Kilosa hadi Dodoma. Nimeipanda, nikaifurahia kama mtoto. Lakini Dumila haipiti. Ukishuka Morogoro utatafuta usafiri hadi Msamvu, hapo utapanda basi, na ukifika Dumila njia panda utamkuta wa bodaboda au kijana mwenye mkokoteni. Na kutoka barabarani hadi mlangoni, hasa masika, mzigo utapanda kichwani kwa mtu.

Kila safari niliyoifahamu, hata ya ndege, imeishia hivyo. Pale mwisho wake pana mtu anayesema "nitwishe". Yule kijana wa mto Mkundi nililijua jina lake kabla hatujafika ng'ambo. Konda wa mwaka 1986 naye aliniuliza swali jepesi, na jibu lake lilikuwa maneno mawili tu: ni baba. Nimeyaandika hapa kwa sababu pale barabarani sikuyasema.