Kidonge kilichochelewa kufika Wembere

Ugonjwa huu mara nyingi huanzia vidoleni. Mtoto amezaliwa mzima, ananyonya vizuri, anaongezeka uzito. Akishafikisha miezi sita hivi, siku moja anaamka vidole vimetuna, migongo ya viganja imejaa, na ukimgusa tu analia. Uvimbe unapungua, familia inapumua, kisha unarudi. Wapo waliouita baridi yabisi, wapo waliomtafuta mchawi. Kumbe ni sikoseli, ugonjwa wa kurithi: seli nyekundu za damu zinapinda kama mundu, zinaziba mishipa midogo ya mifupa, na damu ikikosa njia ndipo panapovimba.

Mwaka 1910 daktari James Herrick wa Chicago aliandika habari za seli hizo, alizoziona katika damu ya mwanafunzi wa udaktari wa meno kutoka Grenada. Lakini aliyeuliza swali la maana zaidi, kwa maoni yangu, ni Janet Watson, daktari wa watoto wa Brooklyn. Mwaka 1948 alitaka kujua mbona vichanga hawaumwi. Alihisi kwamba wanalindwa na himoglobini waliyotoka nayo tumboni, ambayo huisha polepole katika miezi ya mwanzo. Ikiisha, vidole vinavimba. Kumbe basi, anayeweza kuirudisha himoglobini hiyo ameshapata kinga.

Na kwa nini sikoseli imejazana upande wetu? Igunga, mkoani Tabora, iko jirani na mbuga ya Wembere, na mpunga wa Mwamapuli hunyweshwa na bwawa. Penye maji mbu hakosi. Wasafiri Waingereza Burton na Speke walipofika Kazeh, Tabora ya leo, Novemba 1857, homa iliwasumbua kama ilivyowasumbua wapita njia wengi wa misafara. Homa hiyohiyo, malaria, ndiyo iliyoitunza sikoseli. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alianza kupima damu za watu wa Afrika Mashariki mwaka 1949, akakuta wabebaji wa sikoseli ni wengi pwani na kandokando ya Ziwa Victoria, na ni wachache mno nyanda za juu. Mwaka 1954 akachapisha hoja yake: mbebaji, yaani aliyerithi sikoseli kwa mzazi mmoja tu, ana kinga dhidi ya malaria. Ili kuthibitisha aliwaambukiza malaria wanaume 30 wa Kijaluo waliojitolea, nusu yao wakiwa wabebaji. Wabebaji walioshikwa ni 2. Wasio wabebaji, 14. Leo hakuna kamati ya maadili ambayo ingepitisha jambo hilo.

Damu ya Afrika Mashariki ikawa imeufundisha ulimwengu. Dawa yenyewe haikuwa na haraka ya kuja huku.

Inaitwa haidroksiurea. Wakemia wa Kijerumani waliitengeneza mwaka 1869, ikaja kutumika kwa saratani za damu. Baadaye ilionekana kwamba mgonjwa anayeimeza kila siku anaanza tena kutengeneza himoglobini ya kichanga, ileile ya Watson. Utafiti wa Marekani wa mwaka 1995 ulionyesha kuwa vipindi vya maumivu kwa watu wazima hupungua karibu nusu. Hapa kwetu kulikuwa na hofu: dawa hii hushusha chembe nyeupe za damu, je, mtoto wa kwenye malaria haitamwacha bila ulinzi? Hofu ilikuwa na msingi, ila kuijibu kulichukua zaidi ya miaka ishirini. Watafiti wa hospitali ya Mulago, Kampala, walijibu kwanza mwaka 2017: malaria haikuongezeka. Mwaka 2019 yakatoka matokeo ya watoto wa Kilifi, Mbale, Kinshasa na Luanda. Maumivu yalipungua kwa zaidi ya nusu, malaria nayo ikapungua karibu nusu, na vifo vikashuka.

Tabora iliingia katika hesabu kwa njia ya pembeni. Vichanga wa akina mama wenye VVU hutolewa damu kisiginoni, matone hukaushwa kwenye kadi na kupelekwa hospitali ya Bugando, Mwanza. Watafiti wa huko walizichukua kadi zaidi ya 17,000 zilizokwishapimwa VVU, kutoka mikoa ya kaskazini-magharibi, Tabora ikiwamo, wakazipima tena sikoseli. Mtoto mmoja kati ya watano alikuwa mbebaji. Zaidi kidogo ya mmoja kati ya mia alikuwa mgonjwa.

Mtoto akishagundulika, kuna shida ya kapsuli yenyewe. Iliyozoeleka ina miligramu 500. Dozi ya kuanzia kwa kawaida ni miligramu 20 kwa kila kilo, kwa hiyo mwenye kilo 12 na nusu anahitaji 250, nusu kapsuli, na kapsuli haikatwi kama panadoli. Baadhi ya madaktari humwandikia moja kila baada ya siku moja; kwingine mfamasia huyeyusha unga wake kwenye maji aliyoyapima. Damu hupimwa mara kwa mara, kwani chembe nyeupe zikishuka mno dawa husimamishwa kwanza. Na mtoto akinenepa, dozi inapigiwa hesabu upya.