Kungwi na Twahara ya Mwali

Zamani, kabla mji wa Dar es Salaam haujaenea hata ukazimeza Kinondoni na Temeke, mtoto wa kike wa Kizaramo akivunja ungo alitiwa ndani, akaitwa mwali, akakaa huko miezi na pengine miaka, na mambo ya mwili wake, ambayo mama mzazi kwa haya hakuthubutu kuyatamka, akayasikia kwa kungwi. Mtoro bin Mwinyi Bakari alikwisha kuandika habari za makungwi katika Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichopigwa chapa Ujerumani mwaka 1903; na Marja-Liisa Swantz, mtaalamu wa Kifini aliyekaa Bunju miaka ya 1960, aliikuta mila ya mwali ingali hai.

Mwali alipewa mwana hiti, kisanamu cha mti kisicho na mikono, akakiogesha na kukipaka mafuta mithili ya mtoto mchanga. Alifundishwa kufua vitambaa vya hedhi na kuvianika faraghani, kutawadha, na kujitoharisha. Akiisha kuoga, makaa yalitiwa katika chetezo, yakanyunyiziwa ubani na vipande vya udi, kanga ikatandazwa juu ya tenga hata ikanywa moshi.

Elimu hiyo ilikuwa na fadhila kubwa, kwani ilimpa binti mtu wa kumwuliza pasipo kuona aibu. Lakini palipotiwa ndimu au shabu ukeni kwa nia ya kuukausha au kuondoa harufu, hapo nasema pasi na shaka kwamba palikuwa na madhara. Mwaka 1892 tabibu wa Kijerumani, Albert Döderlein, alieleza habari za vijidudu vinavyoishi ukeni na kutengeneza asidi, nayo asidi hiyo ndiyo hifadhi ya mahali hapo. Vikipungua, vingine huzidi, ikatoka harufu kama ya samaki, ambayo si dalili ya uchafu wala ya uzinzi, bali ni maradhi yanayotibika kwa dawa.

Basi, enyi makungwi na mashangazi mnaowafunda wali hata leo, waambieni wanawe nje kwa maji safi, wasitie kitu ndani. Na harufu ikigeuka, au ukitoka ute usio wa kawaida, waende hospitali ya Temeke au Mwananyamala, hususan wenye mimba, maana maradhi hayo huweza kumfanya mtoto azaliwe kabla ya wakati.