Mashujaa wa kike: wa Wakanda na wa Usangi

Jumapili iliyopita nilikuwa Mabogini, nyumbani kwa kaka yangu. Binti yake, mwanafunzi wa darasa la sita, akaniletea daftari lake la kuchorea. Alikuwa amechora mwanamke mwenye kipara, vazi jekundu, mkuki mkononi. Nikamtambua mara moja. Ni Okoye, jemadari wa Dora Milaje, kile kikosi cha wanawake kinachomlinda mfalme wa nchi ya kubuni iitwayo Wakanda.

"Shangazi," akaniuliza, "na sisi tulikuwa nao?"

Naomba nikiri kwamba mimi mwenyewe ni mgonjwa wa vitabu vya katuni. Miaka ya 1990 nilikiokota kimoja kwenye mitumba ya Kiboriloni, hakina hata jalada, kinamhusu Wonder Woman. Nilikisoma mpaka kikachanika. Ngumi zake hazikunishughulisha sana. Nilipenda kile kisiwa alikotoka, ambako wanawake waliishi peke yao, wakifunzana vita na kulindana kama watoto wa tumbo moja.

Wonder Woman alitungwa mwaka 1941 na William Moulton Marston, mwanasaikolojia wa Kimarekani. Dora Milaje walikuja mwaka 1998, kwa kalamu ya Christopher Priest. Mwanzoni walikuwa wasichana walioteuliwa kutoka makabila ya Wakanda, walinzi wa mfalme na papo hapo wachumba wake. Katika sinema ya Black Panther ya mwaka 2018 habari ya uchumba ikaachwa, wakabaki askari kamili. Humo ndimo alimocheza pia Lupita Nyong'o wa kwa jirani zetu Kenya.

Wengi huwafananisha na askari wa kike wa Dahomey, Benin ya leo, waliopambana na Wafaransa miaka ya 1890. Walikuwa hodari kwelikweli, ingawa tusifiche kwamba dola lao liliteka watu na kuwauza utumwani.

Nikamsimulia mtoto hayo yote. Akasikiliza kwa adabu, kisha akasema, "Huko ni mbali, shangazi."

Nikanyamaza. Nikatazama ng'ambo ya majaruba ya mpunga, nikaiona milima ya Upare. Jibu lilikuwa pale pale.

Wakati wa Waingereza, wakuu wa Upare waliweka kodi iliyoitwa mbiru, ya kumkadiria kila mtu mali yake. Watu wakaikataa. Mwaka 1945 wanaume kwa maelfu wakateremka hadi Same, makao makuu ya wilaya, wakapiga kambi. Siku zikapita. Nyumbani, mashamba, mifugo na watoto vikawa mzigo wa wanawake peke yao.

Ndipo wanawake wa Usangi nao wakaondoka kwa pamoja, wakamkabili afisa wa Kiingereza. Wakampa mambo mawili achague: amalize shauri la kodi ili waume zao warudi, au yeye mwenyewe awape mimba wote! Hebu fikiri, bwana mkubwa wa serikali ya mfalme anaambiwa hivyo mchana kweupe. Hatimaye kodi ile ilifutwa.

Mtu atasema walikwenda kuwatetea wanaume. Ni kweli, lakini hoja yao ilikuwa ya nyumba zao na migongo yao wenyewe. Tena mwanamke mmoja akisema maneno yale ataitwa mwendawazimu. Wakiyasema wote, serikali inakosa la kujibu. Kile kisiwa nilichokipenda kwenye kitabu kilichochanika kilikuwa mlimani kwa majirani zetu, na shuleni sikuambiwa.

Mtoto akafungua ukurasa mpya. "Walivaa nini?" akauliza. "Walibeba nini mkononi?"

Sikuwa na jibu, na sikutaka kumdanganya.

Aliyekuwa na miaka 10 wakati ule leo ana miaka 90 hivi. Ndugu msikilizaji, kama una bibi wa Usangi, usingoje sikukuu. Panda mlimani, kaa naye jikoni, muulize. Ukipata jibu niletee, maana ukurasa ule wa Mabogini bado ni mweupe.